Aliyesema "Mimi" kwa Niaba Yetu

Ukimwambia Mkalimani una shida, kitu cha kwanza alichofanya ni kusimama. Hata kama alikuwa anamenya viazi, hata kama maziwa yalikuwa yanapanda kwenye sufuria, alisimama wima, akafuta mikono kwenye koti lake jeusi, akakwambia, "Haya. Sema." Wewe unasema. Ukimaliza, anakurudishia maneno yako yote, hakuna lililopungua, lakini kwa kusema "mimi". Kama umesema umenyang'anywa ng'ombe, yeye anasema, "Mimi nimenyang'anywa ng'ombe." Kama umesema mke wako ni mwongo, anasema, "Mke wangu ni mwongo," huku anakutazama kwa uso usio na kicheko wala huruma, uso kama ukuta.

Ndiyo kazi aliyofanya mpaka akastaafu. Alisimama pale mahakamani Nakuru, katikati ya hakimu na watu, akichukua maneno ya huyu na kumpelekea yule. Alituambia sheria ya kazi hiyo ni moja. Mkalimani hasemi, "Huyu anasema aliiba." Anasema, "Niliiba."

"Nimekiri wizi mwingi kuliko mwizi yeyote wa Bonde la Ufa," alikuwa anapenda kusema, "na kila jioni nikarudi nyumbani kupika."

Mambo ya kuzaliwa kwake siyajui na sikuuliza. Mtu akifika huku Dundori na koti zuri na mbegu mbaya ya viazi, unajua tu ametoka mjini, yatosha. Alinunua kipande kidogo kando ya shamba letu, akapanda viazi kwa kina kirefu kama anazika mtu, na vilipokataa kuota akaja kuniuliza kama kuna mahali pa kukata rufaa. Nilicheka mpaka nikashika ua. Hapo ndipo urafiki ulianza.

Wajukuu wangu ndio wamenisukuma niandike. Ninao kumi na mmoja na hakuna mjinga hata mmoja. Yule wa mwisho bado anakula udongo, lakini anachagua ule msafi. Mimi shule niliachia darasa la nne. Wao wananirekebishia herufi. Maneno nimewakataza wasiguse.

Sasa, ili umjue Mkalimani, lazima ujue shida yangu, kwa sababu alinijua nikiwa ndani yake. Mume wangu alikuwa amefariki. Shamba hili alilipata wakati watu walijiunga wakanunua mashamba ya wazungu wakagawana, na hati ilikuwa kwa jina lake peke yake. Nimelima hapa tangu mgongo wangu ukiwa umenyooka. Lakini kwa karatasi, mimi sikuwapo. Mdogo wake mume wangu, ambaye nitamwita Shemeji kwa sababu ndivyo nilivyomwita kwa heshima hata siku ambazo hakustahili, alianza kuja upande wa chini kule mtoni. Kwanza alikuja kuangalia. Halafu akaja kupima kwa hatua zake ndefu, akihesabu kwa sauti. Halafu Jumapili moja nikiwa kanisani, akaleta trekta ya kukodi akalima.

"Nakusaidia tu, Mama Wairimu," akaniambia nilipotoka kanisani. Ananiita kwa jina la kifungua mimba wangu, msichana. "Hii kazi ni nzito kwako."

Nikaenda kwa Mkalimani nikiwa na moto. Alikuwa anachambua maharagwe. Akasimama. Nikamwambia yote: nakaa kwenye shamba la marehemu, nalima shamba la marehemu, na sasa mdogo wa marehemu ameingia. Akafuta mikono. Halafu akasema kwa sauti ile ya mahakama:

"Mimi nakaa kwenye shamba la marehemu. Nalima shamba la marehemu. Sasa mdogo wa marehemu ameingia."

Kusikia hayo kutoka kwa mdomo mwingine kulinipa baridi. Nilijiona kama mgeni aliyesahau kurudi kwao.

"Si hivyo," nikasema.

"Ndivyo umesema."

"Basi nimesema vibaya."

"Mimi siwezi kurekebisha," akasema, akaketi kwa maharagwe yake. "Nenda ufikirie. Ukipata maneno yako, rudi, nitasimama tena."

Huyo ndiye mtu ninayekuandikia habari zake. Wengine walikuja kwake wakitafuta sheria, na sheria alikuwa nayo kidogo, ile iliyomshika mwilini kwa kusikia kila siku, kama moshi unavyoshika nguo. Lakini alikuwa anakataa kuitwa mwenye kujua. "Mimi si wakili," alisema. "Mimi ni mdomo. Mawakili ni watoto wa vitabu, hata wakiwa na mvi." Na kweli alikosea. Aliniambia barua ya chifu ingetosha kubadilisha hati. Nikaenda ofisi ya ardhi na barua yangu nimeikunja vizuri, wakanirudisha kama kuku aliyeingia sebuleni. Lazima kwanza upitie mahakamani, wakasema, kesi ya urithi, ndiyo barua ya chifu iwe na kazi. Nilipomrudia nikifoka, alicheka mpaka machozi. "Nilikuambia mimi ni mdomo! Mdomo unakula pia vitu vibaya." Halafu akavaa koti lake, tukashuka mjini, akanionyesha pale mahakamani wanapokaa mawakili wachanga wanaosaidia watu bure. Akawaambia, "Huyu anajua kusema, lakini bado hajui ni nini anataka kusema. Mkae naye."

Nikawaza, huyu mwanamke ana dharau. Baadaye nikaona alikuwa ananipima kama mkate, kama niko tayari kutolewa.

Koti lake hilo jeusi lilikuwa kitu cha ajabu. Alikuwa amelivaa mahakamani miaka yote na alikataa kulistaafisha. Alilivaa akikamua ng'ombe, akichimba viazi, akienda harusini. Mfukoni ungepata kiazi, peremende, uzi, na siku moja kifaranga kilichokuwa kinatetemeka kwa baridi. Chai yake iliwekwa sukari mpaka kijiko kinasimama. Kanisani aliimba kwa nguvu kuliko kwaya yote na hakuna wimbo hata mmoja aliowahi kuupata. Nilipomwambia apunguze, akasema kazini alibeba sauti za watu wengine, kwa hiyo Mungu avumilie hii yake, haijazoezwa.

Na kuku wake! Kuku wake hawakuheshimu mpaka wa mtu. Walivuka wakala sukuma wiki yangu mpaka ikabaki vijiti. Nikaenda kwake asubuhi nimejishika kiuno.

"Kuku wamekula sukuma yangu."

Akasimama. "Mimi kuku wamekula sukuma yangu. Kuku wa nani?"

"Wako!"

"Kuku wangu," akasema, bado na uso wa ukuta. Halafu akafikiri. "Hapa kuna tatizo. Mkalimani haruhusiwi kusikiliza kesi ya watu wa nyumba yake." Akaketi, akanimiminia chai. Kesi hiyo haijawahi kuamuliwa mpaka leo.

Ofisi za serikali hakuziogopa, na hakuzichukia pia, na hiyo ndiyo ilitushangaza. Sisi wengine tukiingia ofisini tunaingia nusu, mguu mmoja umebaki mlangoni. Yeye aliingia mzima. "Serikali haikatai mtu," alituambia. "Inangoja achoke. Kwa hiyo nenda ukiwa umekula."

Kuna mzee wa huku juu ambaye kitambulisho chake kilipotea. Alienda kutafuta kingine, na mashine ya alama za vidole ikamkataa. Amechimba viazi maisha yake yote, vidole vimefutika vikawa laini kama mayai. Karani kijana akamwambia, "Mzee, mashine haikuoni." Mzee huyu Kiswahili kilimpitia mbali, ndiyo maana Mkalimani alikuwa ameandamana naye. Akamtafsiria. Mzee akajibu kwa lugha yetu. Mkalimani akamgeukia karani, akasema bila kutabasamu, "Iambie mashine yako hata mimi siioni."

Foleni nzima ilianguka kwa kicheko. Hata karani alicheka, maskini. Lakini akasema tena, haiwezekani, kujeni siku nyingine. Hapo Mkalimani akaacha kutafsiri, akaongea kwa sauti yake mwenyewe, ile nyororo ya nyumbani. "Kijana wangu, sitagombana na wewe. Mzee huyu ana haki ya kujua kwa nini umemkataa. Mwandikie hapa kwa kalamu: nimemkataa kwa sababu vidole vyake vimeisha kwa kazi. Uweke jina lako, tutaenda zetu."

Kijana alitazama kalamu. Akaitazama sana. Halafu akaenda ndani kumwita mkubwa wake, na mkubwa akasema kuna njia nyingine kwa watu kama hao, ilikuwepo siku zote. Mzee alipata kitambulisho. Alinionyesha picha yake humo: amekunja uso kama bado anagombana na mashine.

Kuna tena ile ya mpwa wangu. Anafanya kazi kwenye mashamba ya maua Naivasha, amepanga chumba kimoja Karagita. Siku moja akatoka kazini akapata mwenye nyumba ameweka kufuli yake kwenye mlango. Anataka kumpa chumba mtoto wa dada yake. Nguo za msichana ziko ndani, sufuria ziko ndani, hata kiatu cha Jumapili. Akanipigia simu akilia. Nikakimbia na simu mpaka kwa Mkalimani, ambaye alisimama, ijapokuwa alikuwa anaongea na mtu asiyemwona.

"Ana karatasi ya mahakama huyo baba?" akauliza.

"Hana. Ana kufuli tu," mpwa wangu akajibu.

"Basi hiyo ni chuma tu. Mpatie huyo baba simu."

Sisi tukasikia kwa sauti kubwa mwenye nyumba akifoka. Nyumba ni yangu, nimejenga mwenyewe, nafunga nikitaka. Alipomaliza, Mkalimani akavuta pumzi.

"Nimesikia, boss. Nikurudishie ujue nimeshika vizuri. Nyumba ni yangu. Nimejenga mwenyewe. Nimefunga mlango wa mpangaji wangu, nguo zake zikiwa ndani, bila amri ya mahakama. Nafunga nikitaka. Ni hivyo, ama kuna neno nimeacha?"

Tukasikia boda boda ikipita kule Karagita.

"We mathe ni nani?" mwenye nyumba akauliza.

"Mimi si mtu. Mimi ni mdomo. Hayo ni maneno yako. Nikaseme vile vile mahali pengine?"

Kufuli ilitoka. Mpwa wangu alikaa pale mpaka akapata chumba kizuri zaidi, akahama kwa miguu yake, kwa siku aliyochagua yeye.

Lakini usifikiri alikuwa mtu wa chuma. Mwanamke huyo huyo, aliyesema kwa niaba ya wauaji na wajane, hakuweza kujisemea neno. Nilimpeleka hospitali kwa sababu ya goti. Daktari akamwuliza wapi panauma. Akaangalia dari. Akaangalia viatu vya daktari. Akasema hali ya hewa ni nzuri. Nikachoka. Nikasimama, nikasema, "Mimi, daktari, goti la kushoto linaniuma tangu mvua ianze, silali, na jirani yangu amechoka kusikia nikipiga kelele." Daktari akanishika goti langu! Mkalimani alicheka akasahau aibu, akainua sketi kidogo, akamwonyesha lake. Tukirudi alinibana mkono. "Umefanya vizuri," akasema. "Lakini umeongeza. Mimi sipigi kelele." Alipiga. Ng'ombe wangu walikuwa wanaamka.

Kitu kimoja alinisimulia mara nyingi, na kila mara aliporudia macho yalimng'aa. Nilidhani angejisifu kwa kesi kubwa kubwa. Hapana. Alisema siku nzuri kuliko zote kazini ni siku mtu alipoulizwa na hakimu anataka kuongea lugha gani, akasema, "Mheshimiwa, nitajisemea mwenyewe." Hapo mkalimani anaambiwa aketi. "Wenzangu walichukia, waliona kama wamedharauliwa," akasema. "Mimi niliketi nikaona raha. Nilimsikiliza mtu akitoka kwa mdomo wake mwenyewe, kama kifaranga kwenye yai. Husaidii. Ukisaidia anakufa."

Sasa turudi kwa Shemeji.

Watoto wangu wanne, wasichana wawili na wavulana wawili, walikuwa wamekubaliana hati iandikwe jina langu. Wavulana wenyewe walisema, "Mama ndiye shamba." Nikajaza kila kitu na wale mawakili wachanga, ikatangazwa kwenye gazeti la serikali, na Shemeji akaweka pingamizi. Alisema ni shamba la ukoo, na mwanamke halipewi. Mahakama ikaona ni watu wa familia moja, ikatutuma kwa msuluhishi kwanza. Msuluhishi alikuwa msichana wa mjini, mpole, wa jamii nyingine, hajui lugha yetu. Na Shemeji, ambaye sokoni anapiga bei kwa Kiswahili mpaka wachuuzi wanashika kichwa, akasema anataka kuongea lugha ya mama yake, ni haki yake.

Ni haki yake kweli. Sikatai.

Halafu akasema anataka Mkalimani ndiye amtafsirie.

Nilishikwa na uchungu! Walikuwa wanasali kanisa moja, na Shemeji alidhani mwanamke mzee mwenye adabu atamlainishia maneno yafike kwa msuluhishi yakiwa yamepakwa mafuta. Nikaenda kwake jioni hiyo. Alikuwa anafungia kuku.

"Utasema maneno ya mtu anayetaka kunitoa?"

"Kama ataniita, nitasimama."

"Wewe ni rafiki yangu ama ni wake?"

Akafunga kile kibanda, akageuka. "Mama Wairimu, nikiongeza neno lako moja kwa lake, yote yanakuwa uongo, hata yale yako. Nitayabeba kama mtungi. Halitamwagika hata tone. Na wewe usinitazame, utaniharibia kazi."

Sikumpa usiku mwema. Niliondoka.

Siku yenyewe tulikaa kwenye chumba kidogo mjini. Mimi na Wairimu upande mmoja, Shemeji na kofia yake upande wa pili, msuluhishi katikati, na Mkalimani amesimama na koti lake jeusi. Shemeji akaanza. Aliongea vizuri, sitamnyima sifa. Kwa lugha yetu maneno yana mito ya kulalia. Aliyaweka kwenye methali, akayazungusha, akataja mababu, akataja udongo, hata mimi nusura nimwonee huruma. Alipotua, Mkalimani akamgeukia msuluhishi. Mito haikuvuka kwenda Kiswahili. Mababu walivuka, udongo ukavuka, methali zikavuka zikiwa uchi, na zote zilikuwa "mimi", kwa sauti ya mwanamke.

"Mimi sina ubaya na mke wa kaka yangu. Amefanya kazi kwenye shamba hili tangu alipoolewa. Ninachotaka ni apumzike. Mwanamke ni kama ua, linachanua mlangoni pa watu wengine. Nitamwachia nyumba, na mahali pa mboga, mpaka Mungu amwite. Shamba nitalichukua mimi. Wasichana wake wameolewa, hao siwahesabu. Wavulana nitawaonyesha mahali pa kulima nikiona wana adabu. Kaka yangu angekuwa hai angefurahi."

Mkalimani hakuwa ameongeza hata punje. Nilikuwa nimesikia kwa lugha yetu, nikasikia kwa Kiswahili, ni yale yale. Lakini Shemeji alikuwa anamtazama kama mtu anayemwona mwizi amevaa shati lake.

"Sikusema hivyo," akasema. Kwa Kiswahili. Kiswahili safi!

"Umesema," Mkalimani akajibu. "Nirudie?"

"Usirudie!"

Wairimu, msichana wangu, akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia kwa leso, ikashindikana. Kicheko kikanishika mimi, kikamshika msuluhishi, ambaye aliinamia karatasi zake mabega yakitetemeka. Na Shemeji, nampa heshima hiyo mpaka kaburini, Shemeji akavua kofia, akajifuta uso, na kicheko kikamtoka bila ruhusa.

"Hiyo sehemu ya wasichana," akamwambia Wairimu, "imesikika mbaya."

"Imesikika vile ilivyo, Baba Mdogo," Wairimu akasema. "Mimi ndiye nilikubeba nikakupeleka hospitali ulipoangukiwa na ule mti. Hukunihesabu nikiwa nakubeba?"

Shemeji aliigeuza kofia yake mikononi. Msuluhishi akamweleza kwa upole kwamba kwa sheria mke na watoto ndio wanakuja kwanza, wasichana sawa na wavulana, waliolewa ama hawakuolewa, na ndugu anakuja baada ya hao. Akaitikia kwa kichwa. Lakini mimi nilikuwapo, niliona. Sheria ilimkuta ameshasimama mlangoni. Aliyemfikisha hapo ni masikio yake mwenyewe.

Ndipo msuluhishi akanigeukia. "Na wewe mama, unasema nini?"

Mkalimani akageuka, tayari kunibeba. Na mimi, baada ya makelele yote ya nyumbani, baada ya kulala nikihutubia dari, nikasahau yote niliyoyapanga. Nikasema kwa lugha yetu, kidogo kidogo, "Mimi nataka tu nisitolewe kwa shamba la marehemu."

Akanitazama mara moja. Akasema kwa Kiswahili, "Mimi nataka tu nisitolewe kwa shamba la marehemu." Akayashusha kama yalivyo. Nilitaka kumpiga. Lakini angefanyaje? Mtungi ni mtungi.

Shemeji aliondoa pingamizi lake. Viazi alivyokuwa amepanda kule mtoni nilimwambia avichimbe, na akachimba, na akanipa magunia yangu bila kuombwa. Siku hizi akija ananywa chai kwangu. Akianza kuzungusha methali, wajukuu, wanaomwita Guka, yaani babu, wanamwambia, "Guka, tukuitie Mkalimani?" Anaweka kikombe chini anacheka.

Baada ya hapo karatasi zilitembea kwa mwendo wao. Mahakama ikathibitisha, ofisi ya ardhi ikasema njoo, ikasema ngoja, ikasema sistimu imelala. Nilienda nikiwa nimekula. Katikati ya hayo, binti yake Mkalimani akaja kumchukua akakae naye mjini, kwa sababu goti lilikataa baridi ya Dundori. Kuku akaniachia mimi. Alisema ni fidia.

Hati ilipotoka sikwenda nyumbani. Nilitoka ofisi ya ardhi moja kwa moja nikaenda kwa binti yake, hati nimeiweka ndani ya mfuko wa unga, juu yake leso, juu ya leso mkono wangu. Nikamkuta amekaa barazani kwenye jua, koti jeusi mabegani, mkongojo kando. Masikio yalikuwa yameanza kumwacha, macho pia.

"Nani huyo?"

"Mama Wairimu."

"Kuku wangu bado wanakula sukuma yako?"

"Wanakula."

"Nenda mahakamani."

Nikatoa hati. Niliposema ni nini, alishika mkongojo, binti yake akakimbia kumzuia, naye akamsukuma kwa kiwiko. Alisimama. Ilichukua muda, goti likilia kama mlango, lakini alisimama wima, akafunga kifungo kimoja cha koti.

"Haya," akasema. "Sema. Kwa sauti, sisikii vizuri."

Nilikuwa nimekuja kumsomea. Nikafungua karatasi, nikatafuta jina langu kwa kidole, nikalipata, yale majina yangu matatu yamefuatana. Lakini sikusoma. Nilikunja hati nikamtazama usoni, nikasema kwa sauti iliyofanya watu wa jirani watoe vichwa dirishani:

"Shamba ni langu."

Nikangoja. Yeye alifungua mdomo kama kawaida yake, akavuta pumzi, nikaona ile "mimi" imefika kwenye midomo. Halafu akaifunga. Alibaki amesimama hivyo, akinitazama kwa macho yake hafifu, na ule uso wa ukuta ukaanza kupasuka pole pole, kutoka kwa macho kwenda chini.

"Mbona hurudii?" nikamwuliza. "Hukusikia?"

"Nimesikia."

"Basi rudia."

"Mama Wairimu," akasema, "umejisemea mwenyewe."

Akashika mkono wa kiti, akajishusha taratibu, na akaketi.